Andika na masaa, Zuhura

Zuhura mwanangu,

Klipu nimeiona, hiyo waliyokurekodi wodini. Usiniulize nani kanitumia, huku Ujiji imeshafika mpaka kwa muuza chapati. Kumjibu mama wa watu vile na mtoto wake yuko kitandani, umekosea, tena sana, nakwambia kwanza hilo usije ukasema mama ananitetea. Ila nimeirudia mara tatu nne, nikazima sauti nikawa naangalia macho yako tu. Yamevimba. Na chini una ndala, nesi na ndala wodini! Nikajua huyu hajafika nyumbani kwake tangu jana.

Sasa hiyo barua ya kujieleza wanayokudai kazini, usiandike samahani peke yake, andika na masaa. Uliingia saa ngapi, nani alikubakiza zamu ya pili, ulikula lini. Mjomba wako kanisomea sheria ya ajira ya 2004, kazi ya kawaida wiki masaa 45, na zamu ikiisha upumzike masaa 12 mfululizo ndo urudi. Wewe ulipumzika mangapi? Watu wamekuhukumu kwa sekunde 40, ile siku nzima ya nyuma hakuna aliyeirekodi, usipoiandika wewe nani ataiandika? Nesi wa kwanza ukoo mzima huu, leo unaitwa mhuni na watu hata Kigoma hawaijui.

Yule binti aliyekuwa ananianikia dagaa pale Kibirizi, akalala wakanyeshewa, unamkumbuka, sina haja ya kusimulia. Juzi usingizi umenikataa nikawa nahesabu. Alianza kupokea mitumbwi saa 9 usiku, mchana nikamwachia chanja zote peke yake nikaenda msibani. Hela ya wiki nzima nilimkata. Nasikia kaolewa Uvinza.

Mawese yako yapo, dumu la lita 5, natafuta mtu wa kupanda treni ila mfuniko unavuja nimezungushia nailoni. Dagaa hakuna, mbalamwezi hii hawavuliki. Baba yako mguu umepungua, habari ya klipu hana, nimemwambia bando limeisha.

Huyo mama wa mtoto mfuate umuombe radhi kwa mdomo wako. Barua wanaitaka lini? Kabla hujaipeleka nipigie unisomee, nisikie masaa yamo. Ila usinipigie ukitoka zamu, lala kwanza.

Mama