Barua kwa nahodha anayetaka kujifunza huduma za dharura

Nyegezi, Mwanza

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeipata kwa mkono wa kijana uliyemtuma, na nimechelewa kuijibu kwa sababu ratiba ya mafunzo hainiachii jioni nyingi. Umeuliza tunafundishwa nini hasa katika haya mafunzo ya huduma za dharura, na kama mtu aliyeshika usukani wa boti miaka yote hiyo anaweza kuyamudu. Unaweza. Sababu zangu utaziona humu ninapokueleza tunachojifunza.

Wengi wanaotuona na glavu na machela hudhani tunasomea udaktari mdogo, lakini tunachojifunza zaidi ni mpangilio. Mgonjwa yeyote, awe ameanguka na bodaboda au amezidiwa na uchungu wa kujifungua, huangaliwa kwa mfuatano uleule: kwanza kama mahali alipo pana usalama kwake na kwetu, kisha njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu zake, na mwisho mwili hufunuliwa ili jeraha lililojificha lisitupite, halafu hufunikwa tena asipate baridi. Kinachoweza kumuua upesi zaidi ndicho kinachoshughulikiwa mwanzo, na kwa sababu hiyohiyo damu inayoruka kwa kasi huzuiwa kabla ya yote. Mkufunzi wetu humlaza mwenzetu mmoja sakafuni, amepakwa rangi nyekundu mkononi na analia kwa sauti kubwa kwa jeraha dogo, na pembeni yake humlaza mwingine asiyesema kitu. Ukimkimbilia anayelia bila kumtazama aliye kimya, unarudishwa mlangoni uanze upya. Zoezi hilo linachosha kuliko yote, kwa kuwa macho huvutwa na damu na masikio huvutwa na kelele, ilhali aliyezibwa njia ya hewa hana sauti ya kuitia msaada.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Wewe kabla ya kung'oa nanga hutazama upepo, hutazama shehena, husikiliza injini, na abiria wakikuhimiza namna gani huondoki mpaka umemaliza. Tabia hiyo hatujapewa na kitabu chochote, na wenzetu kadhaa wenye alama nzuri za darasani bado wanaitafuta.

Somo litakalokufaa zaidi ni la mtu aliyezama. Mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, kama unavyojua, akitolewa mtu majini huinamishwa kichwa chini au hukandamizwa tumbo ili maji yamtoke. Tunafundishwa kuacha kabisa jambo hilo, kwa sababu linapoteza dakika ambazo hazirudi, na kwa sababu yaliyomo tumboni yakipanda huweza kuingia kwenye mapafu. Aliyezama moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo cha kwanza kumpa ni hewa: unainua kidevu, unabana pua, unampulizia mdomoni mpaka uone kifua kinapanda. Baada ya pumzi hizo za mwanzo unakandamiza katikati ya kifua mara 30, unapuliza mara 2, na kurudia hivyo bila kukatiza. Kwa mtu mzima kifua hushuka kiasi cha sentimita 5 bila kuzidi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila unapokandamiza unakiachia kifua kirudi juu kabisa. Ukifanya sawasawa, nguvu hupungua upesi, na ndiyo maana tunapokezana kila baada ya dakika 2. Hata usipojiunga nasi, naomba vijana wako wa botini wafundishwe hili.

Sina haja ya kukueleza wewe wa Ukerewe habari za MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuondoka na roho za watu zaidi ya 220. Ninaitaja kwa sababu darasani, tulipofika kwenye somo la ajali yenye majeruhi wengi, nilikuwa nikiifikiria hiyo muda wote. Katika ajali za namna hiyo wavuvi na wanakijiji ndio wanaofika kabla ya mtu yeyote mwenye sare. Somo lenyewe ni gumu moyoni. Majeruhi hugawanywa kwa rangi: mwenye kutembea hupewa kijani na kusubiri hata kama analalamika, njano ni wa kungojea kidogo, nyekundu ni wa kuhudumiwa papo hapo, na nyeusi ni yule ambaye mikono michache iliyopo haiwezi kumwokoa. Kumpita mtu wa mwisho huyo na kwenda kwa mwingine ni kazi ambayo sijui kama yeyote kati yetu ameshaizoea, na mimi sipendi watu wanaojiunga kwa ajili ya king'ora tu, kwa maana siku hiyo king'ora hakitawasaidia.

Kuhusu hofu yako kwamba hukusomea uuguzi, nikusimulie kidogo. Mwaka 1967 huko Pittsburgh, Marekani, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wakisombwa na magari ya polisi bila matibabu ya maana njiani, daktari Peter Safar alisaidia kuanzisha huduma iliyoitwa Freedom House. Aliowafundisha walikuwa Waamerika weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira, na wakawa miongoni mwa paramediki, yaani wahudumu wa dharura wanaotibu mgonjwa njiani, wa kwanza nchini humo. Huduma ilifungwa mwaka 1975, lakini mafunzo yao yalichangia mtaala uliokuja kutumika nchi nzima. Na hapa kwetu, mpango wa m-mama, ambao majaribio yake yalianzia Sengerema na Shinyanga, unawatumia madereva wa kawaida wa mitaani kumfikisha mama mjamzito hospitali pale gari la wagonjwa linapokosekana.

Usifikiri yote ni mepesi. Majina ya dawa na ya viungo vya mwili yako kwa Kiingereza, na utakesha nayo. Kuandika nako kuna shida yake: saa uliyofunga mkanda wa kubana damu, presha, mapigo, vyote viandikwe wakati gari linayumba. Kisha kuna kumkabidhi mgonjwa, ambapo una chini ya dakika moja kumweleza daktari kilichotokea, majeraha uliyoyaona, hali ya mgonjwa na ulichomfanyia, bila hadithi. Wewe ni mtu wa hadithi, Baba Neema, na hapo ndipo watakapokubana.

Ninakuhimiza hata hivyo kwa sababu ya mahali unapoishi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema au Geita anayepelekwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza hasubiri tena kivuko. Kisiwani kwenu bado maji yako pale pale, na mtu aliyezidiwa usiku hutegemea chombo kama chako. Gari la wagonjwa kwa kawaida lina dereva na muuguzi. Boti ina nahodha na ndugu wa mgonjwa waliojaa hofu, na safari ni ya saa nzima au zaidi.

Niandikie umeamua nini. Uniambie pia kama boti yako inaweza kumlaza mtu mzima akiwa amenyooka, kichwa kikiwa upande usiorushiwa maji, na msaidizi akapata pa kupiga magoti kando ya kifua chake bila kung'oa viti. Mkufunzi ameniuliza kuhusu boti za abiria kwa jumla, na sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Wako,
Masanja