Tubadili bima nzima ya mzee kwa ajili ya masikio?

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum, wewe na wasomaji wenzangu. Nawaandikia kutoka Columbus, Ohio. Dirisha la kubadili bima za Medicare, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, lilifunguliwa tarehe 15 Oktoba na litafungwa tarehe 7 Desemba, na hapa nyumbani bado hatujaelewana. Nataka kuwasikia waliopita njia hii kabla wakala wa bima hajatuamulia.

Baba Salma ana miaka 68. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, mashine zinanguruma kutwa, na sasa masikio yamechoka. Si kwamba hasikii kabisa. Sauti nene anazipata, nyembamba ndizo zinazompotea. Mimi nikimwita toka jikoni anaitika, lakini mjukuu wa miaka mitano akimweleza jambo anatabasamu tu na kutikisa kichwa, na mtoto anajua wazi kuwa babu hajaambulia kitu. Msikitini anakaa safu ya mbele na bado hotuba inampita. Simu ya kaka yake wa Morogoro lazima iwekwe spika, hivyo majirani wote tunajua habari za shamba.

Mwezi wa tisa alipimwa. Kwa kuwa daktari ndiye aliyeagiza kipimo, Medicare ililipa sehemu yake na Medigap, bima ya nyongeza tunayoilipia wenyewe, ikamalizia. Karatasi ya majibu ina mstari unaoanzia juu kushoto na kuteremka kuelekea kulia, na kwenye sauti nyembamba umefika desibeli 60 na kitu. Mpimaji akasema anahitaji mashine masikio yote mawili, zile ambazo nyumbani hospitali huziita shime sikio. Mpaka hapo bima ilikuwa nasi. Tulipofika kwenye mashine zenyewe ikatuacha mlangoni.

Makadirio tuliyopewa pale kliniki ni dola 5,400 kwa jozi. Ndani yake kuna mashine, kuzipanga kulingana na masikio yake, marejeo ya miaka mitatu na waranti, vyote vimefungwa fungu moja. Nikaomba wanitenganishie: mashine peke yake ni kiasi gani, na hayo marejeo ni kiasi gani? Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kwamba mfumo wao hautoi bei namna hiyo. Mimi ni mtu wa kuuza nguo, na sijawahi kumwambia mteja kuwa gauni na ushonaji havitenganishwi bei.

Kwa ambao bado hawajafika umri huu, nieleze kidogo, maana wengi tunadhani Medicare ni bima ya kila kitu kwa wazee. Sheria iliyoianzisha mwaka 1965 iliacha nje vifaa vya kusikia, pamoja na miwani ya kawaida na matibabu ya kawaida ya meno, na imebaki hivyo. Mwaka 2021 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungeingiza huduma za kusikia, ukakwama Seneti. Medicare inalipia kipimo cha kutafuta ugonjwa, na inalipia hata kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji kwa mtu anayestahili, lakini mashine ya kuvaa hailipii hata senti. Na Medigap, ambayo tunailipia dola 165 kwa mwezi, kazi yake ni kuziba pengo la kile ambacho Medicare imekubali kulipa. Medicare ikikataa, Medigap nayo haina la kuziba.

Ndipo akaja wakala. Ni kijana wetu, anazungumza Kiswahili kizuri, ana adabu, na sina ugomvi naye. Anashauri mzee aache Medicare ya asili na Medigap, ahamie mpango wa Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi ndiyo inayosimamia bima yako badala ya serikali; kampuni yenyewe sitaitaja. Malipo ya kila mwezi ya mpango huo ni sifuri, ingawa yale ya Part B, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na vipimo, yanabaki palepale. Ndani yake kuna meno, miwani na masikio. Kijitabu chao kina picha ya mzee anacheka na wajukuu, na chini yake imeandikwa kwamba mashine za daraja la kawaida utachangia dola 699 kwa kila sikio, na za daraja la juu dola 999.

Nilichukua kikokotoo. Kliniki inataka 5,400. Mpango mpya ni 1,398 au 1,998 kwa masikio mawili. Halafu ongeza hizo 165 za Medigap ambazo hatutazilipa tena, karibu dola 2,000 kwa mwaka. Ukiishia hapo, wakala ameshinda, na Salma mwanangu yuko upande wake.

Lakini mzee ana moyo pia. Mwaka juzi aliwekewa bomba dogo la kuzibua mshipa, na kwa bima tuliyonayo tulilipa kiasi ambacho hata hakikututoa jasho. Daktari wake wa moyo anampenda, na anamwona bila kuomba kibali kwa mtu. Kwenye mpango mpya nimemtafuta daktari huyo katika orodha yao sikumwona. Vipimo vikubwa vinahitaji idhini ya kampuni kwanza. Na kuna mstari mmoja, ukurasa wa ndani kabisa, unaosema kuwa mwaka wa ugonjwa mkubwa tunaweza kuchangia hadi dola 5,900 kutoka mfukoni. Mstari huo hauna picha ya mzee anayecheka.

Nikamuuliza wakala: tukijuta? Akasema mtu anayeacha Medigap na kuingia Advantage kwa mara ya kwanza ana miezi 12 ya kujaribu, na ndani ya muda huo anaweza kurudi kwenye Medigap yake ileile bila kuulizwa maswali ya afya, mradi kampuni bado inaiuza. Nimelikagua hilo kwenye kitabu cha Medicare tunacholetewa kwa posta, ni kweli. Ambalo hakulisema mpaka nilipombana ni la baada ya hiyo miezi. Hapa Ohio kampuni ya Medigap inaruhusiwa kukuuliza afya yako, ikakupandishia bei au ikakukataa kabisa. Majimbo yanayoilazimisha ikupokee wakati wowote ni machache, kama New York na Connecticut. Mtu aliyewekewa bomba kwenye moyo, nani atampokea?

Mashine za masikio hudumu kama miaka mitano hivi. Bima ya moyo ataihitaji kila mwaka aliojaaliwa. Mimi nimeegemea huko, lakini watoto wanasema naogopa mabadiliko tu.

Njia nyingine nimezipitia pia, msije mkadhani sijatafuta. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tuliambiwa kipato chetu kimezidi. Hakuwa mwanajeshi, kwa hiyo mashine zinazotolewa kwa wastaafu wa jeshi hazimhusu. Shemeji anasema tununue Dar tukienda likizo, ila mashine hizi zinahitaji kurudishwa kwa mpimaji mara kwa mara azipange upya, na likizo haitoshi kwa hilo. Zipo pia zinazouzwa bila cheti cha daktari kwenye maduka ya dawa tangu Oktoba 2022, na Salma alikuja na AirPods Pro 2, vile visikilizio vya Apple vya kuchomeka masikioni, ambazo mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa iliidhinisha programu yake ya kuzifanya zitumike kama mashine za kusikia. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kliniki. Lakini zote hizo ni kwa watu wazima ambao usikivu umepungua kidogo au kiasi, na mpimaji alisema mzee amevuka hapo kwenye sauti nyembamba. Alizivaa jioni moja, akasema anasikia friji vizuri sana.

Iliyobaki ni Costco, lile duka kubwa linalouza kila kitu. Jozi pale ni dola 1,500 na kitu, pamoja na kupimwa na kurekebishiwa, bila bima yoyote. Hebu tazameni hesabu hiyo tena: mashine za daraja la juu kwenye mpango wa wakala ni 1,998. Yaani hiyo faida ya masikio anayoisifia, ukiitoa nje ya kijitabu na kuiweka kando ya bei ya dukani, inaweza hata kuwa hasara. Wakala aliponiona nimeandika hivyo kwenye karatasi alibadili mazungumzo, tukaingia kwenye meno.

Tatizo la Costco ni Baba Salma mwenyewe. Yule mpimaji wa kliniki amemzoea, anazungumza naye taratibu akimtazama usoni, na mzee hataki kwenda kupimwa masikio, kwa maneno yake, “kati ya matairi na kuku wa kuchoma.” Nikimwambia ni wataalamu wenye leseni, anajifanya hajasikia. Hapo sijui kama ni masikio au ni ubishi.

Sasa malipo. Kliniki inatoa kadi ya matibabu ya miezi 18 bila riba. Nimeisoma. Ukimaliza deni lote ndani ya muda, hulipi zaidi. Ukibakiza hata dola kumi, riba inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza uliyonunua, na wanakudai yote. Mzee amekataa katakata, anasema kutia saini mkataba wenye sharti la riba ndani yake tayari ni tatizo, hata kama tuna nia ya kulipa mapema. Mwanangu wa kiume anaona tunajibana bure. Mimi kwa hili niko na mzee, na si kwa sababu ya dini peke yake: miezi 18 ni mirefu, na mfumo ule umewekwa ukimsubiri atakayeteleza.

Fedha tulizonazo ni hizi. Mzee ana akaunti ya HSA, akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, iliyobaki toka kazini. Kwa kuwa yuko Medicare hawezi kuiongezea, ila anaweza kuitumia kwa mashine na hata betri zake. Ina dola 900 na kitu. Mimi nacheza mchezo na akina mama wenzangu, zamu yangu ni mwezi wa tatu. Kwa Costco tunatosha bila kukopa. Kwa kliniki hatutoshi.

Naomba basi mnisaidie kwa haya. Yupo aliyehamia Advantage kwa ajili ya masikio au meno, kisha akataka kurudi Medigap? Ilikuwaje, hasa kama ana ugonjwa wa moyo au kisukari? Na yupo aliyefanikiwa kuibana kliniki ikampa bei ya mashine peke yake, au ikampunguzia kwa kulipa taslimu mara moja? Walionunua Costco na wamezivaa mwaka au zaidi, je, mnarekebishiwa vizuri mkirudi? Aliyeweza kumshawishi mzee mbishi anifundishe maneno aliyotumia, nami nitamwombea dua.

Nikipata majibu kabla ya mwisho wa Novemba nitashukuru. Wakala nimemwambia asije na fomu mpaka nitakapompigia mwenyewe.

Wenu,
Mama Salma
Columbus, Ohio