Gereji hizi zinatumaliza

Mhariri, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu. Nilipeleka gari yangu, Toyota IST, gereji moja huku Tabata, breki za mbele zilikuwa zinapiga kelele tu, fundi akasema pedi zimeisha njoo saa kumi uchukue. Saa kumi nafika naambiwa bado, mara spea ipo Kariakoo, mara umeme umekatika, nikarudi siku ya tatu nakuta gari ipo juu ya jeki, tairi moja halipo na dogo mmoja kalala siti ya nyuma! Bili nayo imetoka elfu 60 imefika laki na 80, eti wamebadilisha na diski. Nikasema nionyesheni basi za zamani, wakaanza kutazamana. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndo usiseme kabisa. Kufika Buguruni kelele zilezile, na mafuta niliyoacha nusu tanki taa inawaka. Sisemi mafundi wote, wapo waaminifu. Ila bei iandikwe kabla hawajagusa gari, spea ya zamani nirudishiwe mwenyewe, na Tume ya Ushindani, wanaotetea walaji, watuambie sisi wateja wa gereji tunalalamikaje kwao.

Mteja aliyechoka,
Dar es Salaam