Barua ya wazi kwa kwaya ya vijana, kuhusu pesa za sare

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Sare nimeziona Jumapili. Kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kimewakaa vizuri, na mmeimba vizuri pia. Mimi sikupiga kigelegele hata kimoja. Mliosimama mbele mliniona nimekunja uso mkadhani ni magoti. Si magoti. Nilikuwa nahesabu. Mko 26, nikaona 25. Asiyekuwepo ndiye aliyezunguka sokoni kuchagua hicho kitambaa. Ni mweka hazina wenu, mliyemwita mwizi kwenye grupu siku 11 mfululizo.

Niseme yalivyokwenda, maana nasikia kila mtu ana yake. Binti alimtumia fundi shilingi 640,000 kwa simu. Laini ya fundi imesajiliwa kwa jina la kaka yake. Fundi akafiwa, akasafiri kwao Singida, simu ikawa haipatikani. Mmoja wenu akaomba kuuona muamala, binti kwa moyo mweupe akampa simu, na yeye akaupiga picha. Jioni picha iko kwenye grupu na maneno matatu chini yake: "Huyu ni nani?" Wanangu, lile halikuwa swali. Ilipofika saa 4 usiku huyo kaka wa fundi, ambaye hata hamjui binti, ameshafanywa hawara, na sare zimeshafanywa kodi ya chumba. Asubuhi admini akamtoa mtoto wa watu kwenye grupu "mpaka uchunguzi ukamilike". Nani alikuwa anachunguza? Hakuna hata mmoja aliyepanda bodaboda kwenda kibandani kwa fundi kuuliza majirani, na nauli ni elfu moja.

Fundi alirudi, akashona, akaleta. Mkaandika "Mungu ni mwema" na emoji za mikono, mkaendelea na mazoezi.

Na sasa nasikia mnamtumia mistari ya Biblia. Mmoja kamwambia ajifunze kwa Yusufu, anyamaze, Bwana atampigania. Yusufu! Hivi kwenye kisa hicho nyinyi mnajiona ni nani? Mnataka kuwa mke wa Potifa, yule aliyemsingizia, kisha muende gerezani kumfariji mfungwa? Halafu someni mpaka sura ya 40. Yusufu hakunyamaza. Alimwambia mnyweshaji wa Farao waziwazi kwamba hakufanya neno lolote la kumtia shimoni, na akamwomba amtaje akitoka.

Kuna kisa kingine, hiki mnakiimba kila mwaka. Paulo na Sila gerezani Filipi, miguu kwenye mkatale, usiku wa manane wanaimba. Nyinyi waimbaji mnaipenda sana sehemu hiyo, halafu linakuja tetemeko, milango inafunguka, mnapiga vigelegele mnaishia hapo. Asubuhi yake hamjaitungia wimbo. Asubuhi wakuu wa mji walituma watu waseme: waachieni waende zao. Mlango uko wazi, kazi ya Injili inasubiri. Paulo akagoma. Wametupiga mbele ya watu bila kutuhukumu, akasema, na sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe. Wakaja wenyewe, wakawasihi. Huyo ndiye mtume aliyetufundisha kusamehe, na hakukubali kutolewa mlango wa nyuma.

Sisi wazee nasi tusijifiche nyuma ya makosa ya vijana. Kuhani Eli alimwona Hana akisali midomo inacheza bila sauti, akamwambia amelewa. Hana akajibu kwa heshima, lakini alijibu. Na Eli, pamoja na aibu zote za wanawe, aligeuza neno lake palepale akambariki. Baraza letu lilikuwa na siku 11 za kugeuza neno.

Mniwie radhi, jambo hili linanigusa mahali. Mwaka 1983, wakati wa kuwasaka wahujumu uchumi, yaani walanguzi na walioficha bidhaa, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu walikuwa wakitupa vitu porini usiku kwa hofu ya kukutwa navyo. Nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji. Mlango wa stoo uliliwa na mchwa, nikahamishia katoni mbili za sabuni ya wazazi chini ya kitanda changu. Mtu akanong'ona. Mgambo walikuja alfajiri, wakamwaga hata maharage yangu kuona kilichomo chunguni. Nililala mahabusu siku mbili. Machozi hayakunisaidia. Lililonitoa ni daftari: kila mche wa sabuni ulioingia na kutoka niliuandika kwa kalamu, na mkunga mwenzangu akatia sahihi. Jumapili nikaenda ibadani, sina kesi yoyote, na benchi zima likawa langu peke yangu. Watu walibanana la nyuma kama kuku kwenye tenga. Bibi mmoja muuza ndizi, ambaye hatukuwa tumezoeana, akainuka kutoka mbele akaja kukaa nami. Hakuniuliza kitu. Alifungua kitabu chake cha nyimbo akakisogeza katikati yetu.

Aliyenichongea tulisalimiana miaka mingi, hakuwahi kusema samahani. Nimemsamehe, lakini ilinichukua miaka 9, kwa hiyo binti wa watu msimharakishe.

Na hili la kupokea maneno yasiyo na mwenyewe mmelitoa wapi? Karibu mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi kule Bithinia, ambayo leo iko Uturuki, aliletewa orodha ya Wakristo isiyo na jina la mwandishi. Akamwandikia Kaisari Trajano kuomba mwongozo. Trajano hakuwa mwenzetu. Mkristo aliyekataa kuikana imani aliadhibiwa. Lakini alijibu kwamba karatasi isiyo na mwenyewe isipokelewe kwenye shtaka lolote. Mpagani yule! Admini wetu kabatizwa na kapata kipaimara.

Tunacheka, lakini nchi hii tumezika watu kwa mchezo huu. Nilifanya kazi Usukumani, nimeosha macho ya bibi zetu, mekundu kwa kupikia samadi ya ng'ombe maisha yao yote. Kwa macho hayohayo wako waliokatwa mapanga wakiitwa wachawi. Nako huanza na mtu mmoja kuuliza, "Mbona macho yake mekundu?" Na waulizaji wengine Jumapili wako kanisani.

Mengine nayataja tu. Pesa za kwaya zisikae tena kwenye simu ya mtu mmoja; hilo ni kosa letu wazee. Wahesabu watu wawili, waandike. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alisafiri na wenzake makusudi, asije akalaumiwa. Ukisingiziwa, jibu mara moja, onyesha karatasi, kisha nenda kalale. Matusi usiyarudishe. Sali hata kama una hasira.

Nimeshaongea na mchungaji. Jumapili ijayo, ibada ya pili, baada ya matangazo, mna dakika tano. Aliyepiga picha na admini wasimame, waseme kwa midomo yao, kwenye kipaza sauti kilekile mnachoimbia. Msimwambie "kama tulikukosea". Mlimkosea.

Kama atakuja sijui. Jana nilikwenda kwao, akanipa chai, hakutaka kuongea. Sare yake fundi alimpelekea mwenyewe. Imetundikwa nyuma ya mlango, imepigwa pasi. Nafasi yake mstari wa pili, kwenye sauti ya pili, iacheni wazi.

Ni mimi Bibi yenu, wa benchi la tatu upande wa kina mama.