Kwa vijana wa usharika: msimfukuze aliyeuliza habari za Kirenio

Wajukuu zangu,

Nimeambiwa mlizozana baada ya mazoezi ya kwaya, hata mmoja akaitwa mpinga Kristo kwa kuuliza Yesu alizaliwa mwaka gani. Mwenzenu hakukosea. Amesoma tu hadi mwisho wa sura.

Mathayo asema ilikuwa "zamani za mfalme Herode". Luka naye aanzia zamani hizohizo, kisha sura ya 2 ataja orodha ya kwanza ya kuhesabu watu, iliyoandikwa "hapo Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu", yaani gavana wa Siria. Yosefo, Myahudi aliyeandika historia karne hiyo ya kwanza, asema Herode alikufa baada ya mwezi kupatwa, Pasaka ikikaribia. Wataalamu wengi wanahesabu mwaka 4 K.K.; wachache, 1 K.K. Ila orodha ya Kirenio, Yosefo aiweka mwaka 6 B.K., Arkelao mwana wa Herode akiwa ameshaondolewa madarakani. Kwa hesabu ya wengi, hapo katikati pana miaka tisa.

Nilipokuwa nikifundisha kipaimara swali hili nilikuwa nalimaliza kwa sauti nzito: "Kirenio alikuwa liwali mara mbili, mara ya kwanza zamani za Herode!" Mtoto gani angebisha? Baadaye sana nikajua jibu lile limeegemea kipande cha jiwe chenye maandishi kilichopatikana Tivoli, karibu na Roma, nalo jina la mwenye cheo halipo, limevunjika. Tena maliwali wa Shamu wa siku za mwisho za Herode wanajulikana: Saturnino, halafu Varo. Wapo wanaosoma neno la Kigiriki la "kwanza" kama "kabla", yaani orodha ya kabla ya Kirenio. Sarufi inaumia kidogo, lakini silitupi. Wapo wasemao Luka alichanganya matukio mawili.

Msiisingizie kalenda pia. Mwaka 1 tunaohesabia ni kazi ya mtawa Dionysius Exiguus, aliyepiga hesabu yake Roma mwaka 525, wala Injili haitaji Desemba 25.

Mkiulizwa tena, semeni lililopo: Mathayo na Luka wanakutana kwa Herode, Bethlehemu, Mariamu na Yusufu; lakini kwa habari ya Kirenio, Luka na Yosefo hawajapatanishwa. Mkesha wa Noeli, Luka 2 asome huyohuyo mwulizaji, na aya ya pili asiiruke.

Baadhi ya wazazi wenu niliwafundisha mimi lile la "mara mbili". Waambieni mzee amelifuta.

Babu yenu, mwalimu mstaafu wa kipaimara