Ni kweli nilimpa dada elfu sitini

Anti, pole na majukumu. Saa hizi ni saa tisa usiku, nimekaa barazani na tochi ya simu, mama watoto kalala. Nina miaka 58, ni mtu wa kuamkiwa na nusu ya mtaa, na bado nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemgusia ananiambia uza tu. Kuuza siyo ninachouliza. Au labda ndicho, sijui.

Nianze na gari maana ndilo lenye kesi. Ni Morris Minor ya mwaka 1959, ya marehemu baba. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na meneja wa Kiingereza alipofungasha virago mwaka ule wa Azimio, 1967, akamwuzia. Watu wa rika letu wanazikumbuka. Haina indiketa kama za magari ya leo, ina vijikono vyenye taa vinavyochomoka ubavuni ukitaka kukata kona. Sisi watoto wanne tulikuwa tunapigana kukaa upande wa kijikono, na aliyeshinda siku zote ni dada yetu mkubwa.

Huyo huyo dada ndiye aliyesema lile neno. Kwenye harusi ya binti yake, Anti! Bibi harusi nimemwendesha mimi, kwa Morris, petroli yangu, maua nimeyafunga kwa mkono wangu, sikudai hata senti. Tumefika, vigelegele, watu wanapiga picha, bwana mmoja wa kutoka Dar akanivuta pembeni akasema anakodisha magari ya harusi na yuko tayari kutoa milioni 14. Sijui nani alitega sikio. Pilau haijapakuliwa, dada yuko katikati ya kina mama anasema, "Gari la baba hilo. Mimi nilipewa elfu sitini." Akacheka, na wote wakacheka. Nikabaki nimeshika funguo kama dereva teksi.

Elfu sitini ilikuwa haki yake kwa hesabu, naomba uelewe hilo kwanza. Baba alifariki 2017, mama alikwishatangulia. Gari lilikuwa limelala bandani nyuma ya nyumba tangu 1996, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu, akalikadiria kilo 720, kila kilo shilingi 500. Hiyo ni laki tatu na sitini. Tuko wanaume wawili na wanawake wawili, kwa hiyo mafungu sita, mwanamume mawili, mwanamke moja. Fungu moja elfu sitini. Nikasema nalichukua mimi kwa bei hiyo hiyo. Kaka nikampa laki na ishirini, dada zangu elfu sitini kila mmoja, taslimu, mjomba akaandika karatasi na mashahidi wakatia sahihi. Karatasi ninayo. Kaka alisema afadhali banda lipate nafasi. Hakuna aliyesema kwamba anapunjwa.

Na baada ya hapo nani aliteseka? Morris ile haina chesisi kama lori, bodi ndiyo chesisi, na hewa yetu ya bahari imeila kwa miaka. Ukinyanyua zulia unaona ardhi. Kingo za chini ya milango zilikuwa zinamomonyoka kama biskuti kwenye chai, na pale springi za nyuma zinaposhikilia palikuwa matundu matupu. Fundi bodi kakata na kuchomelea miezi minne. Spana zote ni za inchi, vijana wa gereji wanakuja na zao za milimita wanakula vichwa vya bolti. Masta silinda ya breki imefichwa chini ya sakafu ya dereva, ukitaka kuigusa unang'oa nusu ya gari. Fundi umeme wa mtaani kafunga betri kama anavyofunga kwenye Toyota, hasi kwenye bodi, kumbe Waingereza walifunga chanya. Katauti, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa dainamo, ikaungua pale pale. Vipuri nimeagiza Uingereza, na mara nyingine usafiri umezidi bei ya kipuri chenyewe. Nimetumia miaka sita na, kwa risiti nilizozitunza, kama milioni 9. Risiti nyingine nimezichana ili mama watoto asizione, kwa hiyo sema 10.

Sasa hapo elfu sitini inaingiaje?

Halafu anasema kana kwamba mimi sikumthamini. Najua kuwa ndiye aliyemuuguza baba miaka mitatu ya mwisho, sisi wengine tulikuwa tunatuma hela. Simkatalii. Lakini kuuguza ni thawabu zake, gari ni gari. Ndani ya kile kisanduku cha dashibodi nilikuta daftari la baba la matunzo, mwandiko wake wa karani, kila grisi na tarehe yake, kila oili na maili zake. Mwaka 1989 kaandika, "Betri mpya, kalipa binti mkubwa." Tairi mbili vilevile. Nilisoma nikafunga. Hilo daftari lingenisaidia kama ningelisoma kwa makini upande wa grisi, maana mguu wa mbele wa Morris una kiungo chenye nyuzi kama parafujo, kisipopata grisi nyuzi zinalika na gurudumu linalala chini. Baba hakuwahi kukosa. Mimi nilikosa, na siku moja nakata kona taratibu kule Raskazone gurudumu la kulia likajikunja kama goti la mtu aliyezimia. Namshukuru Mungu nilikuwa mwendo wa konokono.

Nimetoka nje ya mada. Nimezunguka kwa sababu kuna jambo moja sijamwambia mtu.

Aliyemwita yule wa chuma chakavu ni mimi. Hilo si siri sana, mtu lazima aite. Lakini siku nne kabla hajaja, kila jioni baada ya Isha, nilikuwa naingia bandani na taa. Nikafungua plagi zote nne, nikamimina oili kidogo kwenye kila tundu, nikaiacha. Usiku wa nne nikachomeka hendeli kule mbele, ile ya kuzungushia injini kwa mkono. Anti, injini ilizunguka. Nzito mwanzoni, halafu laini, nikasikia pumzi inatoka kwenye matundu ya plagi, moja, mbili, tatu, nne. Nikakaa chini kwenye kinyesi cha kuku nikalia kama mtoto. Nikarudisha plagi, nikafunga boneti.

Asubuhi yake yule bwana akaja, akapiga teke gurudumu, akasema mbele ya wote, "Injini imejamu hii, ya kuyeyusha." Dada akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua magari. Akaniuliza, "Imekufa kweli?" Nikasema, "Umemsikia mwenyewe."

Sikusema uongo. Ukipima neno kwa neno, sikusema uongo. Na injini inayozunguka si injini inayowaka, kuna kabureta, kuna pampu, kuna mambo mia. Ningeweza kutia milioni 10 na isitembee. Hatari yote niliibeba mimi.

Usinishauri niende kwa sheikh, nimekwenda. Nikamuuliza kama mrithi anaruhusiwa kununua mali ya urithi kwa bei waliyokubaliana wote. Akasema anaruhusiwa. Nilimpa nusu ya swali, nikapewa nusu ya jibu, na nimerudi nyumbani sina usingizi.

Kinachoniuma ni kule kucheka. Angekuja nyumbani, akaniambia kaka yangu, naona ulinipunja, ningemsikiliza. Lakini mbele ya kina mama, na mimi nimemletea mwanawe kama malkia! Na tangu siku ile hajapiga simu. Mimi pia sijapiga, mdogo hawezi kuanza wakati aliyetukanwa ni yeye. Au anaweza?

Mama watoto anasema niuze, nitoe gharama zangu, kinachobaki tugawe mafungu sita yale yale, yaishe. Ni kama milioni 4, fungu moja halifiki laki saba. Je, nikimpa dada laki saba hataniuliza kwa nini? Mtu hawezi kurudisha hela kama hakuchukua. Na nikimpa bila kueleza, si nitakuwa nimemnunua mara ya pili? Nikieleza, kaka na dada mdogo nao watajua, na mjomba aliyeandika karatasi. Nikinyamaza nikabaki na gari, kila nikiliwasha nasikia elfu sitini. Wakati mwingine nawaza nimpe tu dada gari lenyewe, funguo mezani, nione atafanya nini nalo. Hajui hata kupiga grisi.

Niambie tu, Anti, lile la hendeli lazima lisemwe? Au milioni 10 na miaka sita zimekwishalilipa?

Ukiichapisha hii, toa jina la mahali. Morris zinazotembea hapa ni za kuhesabu, mtu atajua. Yule bwana wa Dar amesema anarudi Jumamosi na hela taslimu. Nimemjibu aje. Jana jioni nimetoa betri nimeificha uvunguni.