Steringi asiyejijua

Swahiba,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukuweka roho juu. Mswada wako wa filamu ya muuaji aliyepoteza kumbukumbu ulifika wiki mbili zilizopita. Niliusoma usiku uleule mpaka mwisho, nikaudhika, nikalala, asubuhi nikausoma tena. Sasa hasira imepoa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kama ulitaka sifa tupu ungempelekea shangazi yako, si mimi.

Nianze na ukurasa wa 11, kwa sababu ndio umeninyima usingizi.

Mtu wako ameamka kwenye chumba cha kupanga. Jina lake halijui, mfukoni hana kitu. Anasikia hatua za watu zikipanda ngazi. Mwandishi mwingine angemrusha dirishani hapohapo na vioo vikaruka. Wewe umemfanya azime taa. Anasimama gizani, mgongo ukutani, anahesabu polepole, macho yanazoea giza, ndipo anashika kitasa. Halafu ukaandika mstari mmoja tu: "Hajui kwa nini amesubiri."

Ndugu yangu, hiyo ndiyo filamu yako. Hata ungeniletea ukurasa huo mmoja, ningekuhaririria bure. Gharama yake ni kidole kimoja juu ya swichi, na mtazamaji kaelewa kila kitu: huyu bwana amewahi kuifanya kazi hii mara nyingi, mwili unaijua, yeye haijui.

Tena si uongo wa sinema. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana wa miaka 27, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa kilichomtesa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka jambo jipya kichwani. Ulitoka chumbani ukarudi, anakusalimia kama mgeni. Mtaalamu wa saikolojia, Brenda Milner, akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu siku moja, utaona mkono unavyokwenda kinyume na unavyotaka. Henry alifanya hivyo kwa siku tatu. Kila siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, makosa yakapungua, na kila siku yeye akasema hajawahi kuiona kazi ile maishani mwake. Mkono umejifunza, mwenye mkono hana habari. Wako ni kinyume chake, najua: kwake yanaingia ya leo, yamefutika ya jana. Lakini njia ni ileile. Ustadi unakaa mahali pake na kisa kinakaa mahali pake, na kimoja kinaweza kupotea kingine kikabaki.

Sasa nikugombeze.

Ukurasa wa 34 umeleta helikopta. Ya nini? Bajeti yako mimi naijua, uliniandikia mwenyewe, na kwa fedha ile hata kivuli cha helikopta hukipati. Utaishia kuikodi ya kwenye kompyuta, ielee angani kama inzi aliyebandikwa kwenye kioo, ukumbi mzima ucheke. Steringi wetu hajijui, hana fedha, hana rafiki, hana hata nguo ya kubadili. Mtu wa namna hiyo anafukuzwa na helikopta ya nani? Mtume mtu mmoja, wa makamo, mwenye viatu visivyolia, aketi ngazini kumsubiri. Utanishukuru.

Hujaona bado bahati uliyopewa na kisa chenyewe. Muuaji aliyepoteza kumbukumbu ni zawadi kwa mtengenezaji maskini. Chumba kitupu si ufukara wa filamu, ni hali yake. Nguo zilezile tangu mwanzo mpaka mwisho, sawa kabisa. Uso usiojulikana wa mwigizaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona, afadhali zaidi, maana mtazamaji naye hatakuwa na la kumkumbuka. Filamu nyingine hutumia nusu saa kutueleza steringi ni nani. Yako inakatazwa kutueleza. Halafu wewe unachukua bahati hiyo unaijaza maonyesho tisa ya kurudi nyuma (nimeyahesabu), kila moja na mahali pake, waigizaji wake na mavazi yake, picha imepaushwa rangi. Tisa! Hizo ni siku tano za kushuti, za kumkumbusha mtu ambaye utamu wake ni kutokukumbuka.

Na ukurasa wa 61, anapopigwa nondo ya kichwa kumbukumbu ikarudi yote kwa mpigo, tafadhali uchane. Nakuomba kwa heshima. Ubongo si redio mbovu ya kugongwa kofi ikashika stesheni. Pigo la pili humharibu zaidi aliyeharibiwa na la kwanza.

Kama unataka kisa cha kweli cha mtu kujipotea mwenyewe, hiki hapa. Januari 1887 mhubiri mmoja wa Rhode Island, Ansel Bourne, alitoa dola 551 benki akatoweka. Tarehe 14 Machi alizinduka katika mji wa Norristown, Pennsylvania, akaanza kuwauliza watu wa nyumba ile yuko wapi. Wao walimjua kuwa ni Bwana A. J. Brown, aliyekuwa amepanga duka dogo wiki sita zilizopita na kuuza karatasi, peremende na matunda. Mtu mtulivu, hana neno na mtu. Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James alimtia katika usingizi wa hipnosi, na Brown akajitokeza akasimulia safari yake, ila akadai Bourne mwenyewe hamjui. Jina la Bourne unalifahamu, bila shaka. Robert Ludlum alimpa shujaa wake jina lilo hilo la ukoo katika riwaya yake ya 1980, The Bourne Identity, na tangu hapo kila anayeandika muuaji asiyejijua analinganishwa nayo, nawe utalinganishwa, jiandae. Ila mimi kinachonitisha si zile mbio na bastola. Ni lile duka la peremende. Wiki sita, wateja wanaingia na kutoka, na hakuna aliyeona kasoro. Mtu wako naye angetisha zaidi kama angekuwa jirani mwema.

Hapo nafika kwa yule dada wa chumba cha pili. Umemleta ukurasa wa 18 na sahani ya chakula, ukurasa wa 40 kashapenda. Sikuamini, na nadhani hata wewe hukuamini, maana maneno uliyompa ni ya kwenye kadi. Hana kazi mle ndani zaidi ya kutekwa mwishoni ili aokolewe.

Wazee wana msemo wao: mtenda husahau, mtendewa hasahau. Nimekaa nao wiki hizi mbili kama mtu aliyekwamiwa na mwiba wa samaki. Mswada wako una mtenda aliyesahau. Mtendewa yuko wapi?

Mfanye yeye. Nisikilize kwanza kabla hujakasirika. Dada huyu, alipokuwa msichana, baba yake aliuawa nyumbani. Yeye alikuwa nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Uso wa muuaji hakuuona sawasawa, aliona mikono. Aliiona ile mikono ikiokota miwani ya baba yake iliyoanguka sakafuni, ikaikunja mguu mmoja, ikaukunja wa pili, ikaiweka mezani taratibu, kisha mtu yule akaondoka. Hatumwonyeshi mtazamaji hayo hata kidogo. Anayaeleza kwa maneno, katikati ya filamu, huku akimenya kitu, kama mtu anayeeleza habari ya zamani. Au usimpe maneno kabisa, tutaona tukiwa kwenye kuhariri.

Sasa yuko na jirani yake mpya, mpole, mtaratibu, asiyejua jina lake. Wanaongea mezani. Dada anavua miwani yake kufikicha macho, anaiweka chini ikiwa wazi. Jirani, huku akiendelea na maongezi yake na wala haangalii anachofanya, anaichukua. Anakunja mguu mmoja. Anakunja wa pili. Anaiweka mezani taratibu.

Kamera ibaki kwa dada. Usikate. Nakuapia, mimi mwenyewe ninayeishi kwa kukata picha, pale sitakata.

Kesho yake anaiacha tena wazi, makusudi. Na keshokutwa. Kila usiku anategesha miwani, na kila usiku anaikuta imekunjwa, naye kila usiku anajiambia watu wengi hukunja miwani. Huo mvutano utakubeba dakika arobaini, na umetumia miwani moja. Maonyesho yako tisa ya kurudi nyuma yote yamekwisha kazi, kwa sababu kumbukumbu ya steringi imo ndani ya filamu tangu mwanzo, ila imekaa kwenye kichwa cha mtu mwingine. Na swali lako kubwa, lile ulilompa jasusi mzee alihubiri ukurasa wa 70, kama mtu anahukumiwa kwa asichokikumbuka, halihitaji mhubiri. Litakuwa limekaa mezani kati ya watu wawili.

Atamuua? Sijui, hiyo ni kazi yako. Ila usinifanyie ile ya steringi hafi kwa sababu tu ni steringi.

Mambo ya kazi, haraka haraka.

Bastola: isiingie hata moja ya kweli kwenye eneo la kushuti, hata iliyoapiwa kuwa tupu. Oktoba 2021 huko New Mexico, kwenye filamu ya Rust, nayo ya bajeti ndogo, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyotoka kwenye bastola waliyoambiwa ni salama. Walikuwa wanajiandaa tu na onyesho. Tumia za plastiki. Mwako wa risasi nitauweka mimi. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, yaani fremu, na mwako unakaa fremu moja au mbili, jicho halipati nafasi ya kuuchunguza. Sauti ndiyo inayoua kwenye sinema. Mfupa unaovunjika ni karoti mbele ya maikrofoni.

Ule mtambo wa kunyanyulia kamera unaotaka kuukodi ukurasa wa 20, uache. Robert Rodriguez alipotengeneza El Mariachi, kwa kama dola 7,000, sehemu ya fedha hizo akiwa amezipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa, kamera yake aliishika akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa. Filamu ikatoka 1992 na hakuna aliyeuliza kiti kilikuwa cha nani.

Mashati: nunua manne yanayofanana. Manne! Nilikusimulia ile filamu niliyohariri, ya jamaa anayekimbia usiku kucha? Shati lilikuwa moja. Siku ya pili damu ya bandia ikamwagika kabla ya zamu yake, wakalifua, likarudi na doa la waridi kwenye bega la kushoto. Nikakaa siku nne natafuta fremu zisizo na bega la kushoto. Ukiitazama leo utadhani mwongozaji ana mapenzi na bega la kulia. Steringi wako anavaa shati moja filamu nzima, basi shati hilo ni mwigizaji, lipe wasaidizi.

Pigano la kwenye korido libaki, ila lifupishe. Watu waliochoka hupigana vibaya, hukosea, hushikana nguo, huhema. Hiyo haihitaji mabingwa wa kuruka, na inauma zaidi kuitazama. Na likiisha, asimame pale na mikono yake ameinyoosha mbele, anaiangalia kama ya mtu mwingine. Hapana, futa hilo, kila mtu angelifanya. Mwache atafute kifungo cha shati lake kilichokatika.

Nikirudi ukurasa wa 11. Umeandika "anahesabu," hukuandika mpaka ngapi, na mwigizaji atakuuliza. Jana usiku nilijaribu mwenyewe. Nilizima taa zote nikasimama ukutani kama mjinga. Kumi: sioni kitu. Ishirini: nikaona mstari wa mlango kwa chini. Kufika arobaini na kitu niliona viatu vyangu, halafu kitasa, halafu mkono wangu mwenyewe umeshakishika, na sikumbuki niliupeleka saa ngapi.

Mwambie ahesabu mpaka arobaini na tano. Kwa sauti ya chini, nami nitaiacha yote.

Nijibu mapema, na miwani uitafute ya miguu inayolia kidogo ikikunjwa.

Ni mimi, swahiba wako wa chumba cha kuhariri.